Kuzuia Ugandaji wa Uchafu katika Mifumo ya Maji ya Kupozea na Kupashia Joto: Mbinu za Maji ya Bahari na Mipaka Yake katika Karatu na Ngorongoro

IKISIRI

Makala haya yanaeleza chanzo, aina na njia za kuzuia ugandaji wa uchafu katika mifumo ya maji inayotumika kupozea na kupashia joto. Sehemu kubwa ya ujuzi kuhusu tatizo hili imetokana na mitambo ya viwanda inayotumia maji ya bahari. Swali linaloshughulikiwa ni kwa kiasi gani ujuzi huo unaweza kutumika katika nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, mbali na pwani, ambako nyumba za wageni, mashamba ya kahawa na mitambo midogo ya umeme hutegemea maji ya chemchemi na visima. Hoja kuu ni kwamba kanuni za fizikia ni zilezile katika mazingira yote mawili, lakini mambo matatu yanazuia mbinu za pwani zisihamishwe kama zilivyo. Mambo hayo ni kemia ya maji yanayotoka katika miamba ya volkano, mwinuko wa mahali, na hali ya kijiografia inayofanya maji ya eneo hili yasiwe na njia ya kufika baharini. Makala yanapendekeza mpangilio wa hatua unaoanza na upimaji wa maji na kuishia na kemikali, badala ya kuanza na kemikali.

1.0 Utangulizi

Kila mahali ambapo maji hupita juu ya uso wa chuma ili kuchukua au kutoa joto, kitu fulani hubaki nyuma. Katika birika la nyumbani hubaki ukoko mweupe. Katika rejeta ya gari hubaki matope mekundu ya kutu. Katika bomba la kiwanda kilicho ufukweni hubaki utelezi, kisha kome na chaza. Hali hizi zote zina asili moja na katika makala haya zinaitwa ugandaji, yaani kukusanyika kwa kitu kisichotakiwa juu ya uso unaopitisha joto au maji, hata uso huo ukashindwa kufanya kazi yake ipasavyo.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walilifahamu tatizo hili kabla ya kuwapo kwa viwanda. Majahazi yalivutwa ufukweni wakati wa maji kupwa, yakakwanguliwa viumbe vilivyojishika chini yake, kisha yakapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili kuzuia viumbe visigande tena na wadudu wa bahari wasitoboe mbao. Kazi hiyo ilikuwa na hatua mbili ambazo bado ndizo msingi wa uzuiaji wa ugandaji hadi leo: kwanza kusafisha kwa nguvu za mikono, kisha kuufanya uso usipendwe na viumbe.

Karatu na Ngorongoro ziko mamia ya kilomita kutoka pwani. Mji wa Karatu uko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hufikia takriban mita 2,300. Hakuna mtambo unaovuta maji ya bahari huko. Hata hivyo zipo boila, matangi ya maji moto, vipasha maji kwa jua, jenereta, pampu za visima virefu na mashine za kuoshea kahawa, na vyote hivyo hukutana na ugandaji. Vitabu vya uhandisi vinavyotumiwa kutatua tatizo hilo vimeandikwa kwa kuzingatia zaidi viwanda vikubwa vya pwani na vya kando ya mito mikubwa. Hapo ndipo linapozuka suala la msingi la makala haya: dawa iliyo salama mahali pamoja yaweza kuwa bure, au kuwa sumu, mahali pengine.

2.0 Aina za Ugandaji na Gharama Yake

2.1 Aina kuu

Wataalamu wa uhamishaji joto, wakifuata uainishaji uliojengwa na mhandisi Norman Epstein, hutenganisha ugandaji kwa kuangalia chanzo chake. Aina nne kati ya hizo zinahusu moja kwa moja mada hii.

Ya kwanza ni ukoko wa madini. Kaboneti ya kalisi ina tabia iliyo kinyume na ile ya chumvi ya mezani: kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo inavyopungua kuyeyuka. Bikaboneti iliyomo majini huvunjika, hewa ya kaboni hutoka, na kaboneti huganda mahali palipo moto zaidi, yaani palepale ambapo joto linatakiwa kupita. Silika hutenda kinyume chake. Huyeyuka zaidi katika maji moto, na huganda pale maji yanapopoa au yanapopungua kwa kugeuka mvuke.

Ya pili ni mashapo: mchanga, udongo mfinyanzi na majani yaliyooza, ambayo hutua pale mwendo wa maji unapopungua. Ya tatu ni kutu, yaani ugandaji unaotokana na kuliwa kwa bomba lenyewe. Ya nne ni utando wa viumbe hai. Ndani ya dakika chache tangu chuma kisafi kizamishwe majini, chembe za ogani hukifunika. Ndani ya saa kadhaa bakteria hujishika na kuanza kutoa ute. Baada ya siku kadhaa huja mwani, na baharini, baada ya majuma, huja mabuu ya kome, chaza na viumbe wengine wenye magamba.

Aina hizi mara chache huja peke yake. Ute wa bakteria hunasa mashapo, mashapo huficha kutu inayoendelea chini yake, na chembe za kutu huwa mbegu za kugandia ukoko. Kwa hiyo fundi anayefungua bomba na kuona tope la kahawia hajaona bado chanzo. Ameona matokeo ya vyanzo vilivyochanganyika.

2.2 Hesabu ya hasara

Hasara ya ugandaji hudhaniwa kuwa inategemea unene wa uchafu tu. Hesabu inaonyesha vingine. Chuma cha kawaida hupitisha joto kwa kiwango cha takriban wati 50 kwa mita kwa kila nyuzi ya tofauti ya joto. Ukoko wa kaboneti hupitisha takriban wati 2.5 tu, na utando wa viumbe, ambao karibu wote ni maji, hupitisha takriban wati 0.6.

Chukua kibadilisha joto ambacho kikiwa safi hupitisha wati 1,000 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi. Kikishika ukoko wa unene wa milimita 1, uwezo wake hushuka hadi karibu wati 710, yaani hupoteza zaidi ya robo ya kazi yake. Kikishika utando wa robo ya milimita tu, uwezo wake hushuka hadi kiwango kilekile. Utelezi mwembamba usiozidi unene wa kadi ya mwaliko una hasara sawa na gamba gumu lenye unene mara nne zaidi. Matokeo ya hesabu hii ni muhimu kwa maeneo ambako ukoko huonekana na kulaumiwa, huku utelezi ukipuuzwa kwa sababu unapanguswa kwa kidole.

Hasara ya pili ni ya mtiririko. Bomba lililopungua kipenyo humlazimisha mwenye pampu kutumia nguvu zaidi kwa maji yaleyale. Mahali ambapo umeme unatokana na dizeli iliyosafirishwa kwa barabara ya mlima, hasara hiyo hulipwa kwa fedha kila siku.

3.0 Mbinu Zinazotumika kwa Maji ya Bahari

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, kipimo cha pH kinachokaribia 8.1, na kalisi ya takriban miligramu 400 kwa lita. Kwa kuwa maji hayo ni mengi, viwanda vingi vya pwani huyapitisha mara moja tu kisha huyarudisha baharini. Ulinzi wake hujengwa kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni mlangoni: nyavu na machujio yanayozunguka huzuia mwani, samaki na viwavi vya baharini. Ngazi ya pili ni mwendo wa maji. Maji yanayopita kwa kasi inayokaribia mita 2 kwa sekunde au zaidi huwapa mabuu nafasi ndogo ya kujishika. Ngazi ya tatu ni uchaguzi wa chuma. Aloi ya shaba asilimia 90 na nikeli asilimia 10 hutumika sana kwa sababu shaba inayotoka kidogokidogo huwafukuza viumbe. Ngazi ya nne ni usafishaji wa kimitambo, ambapo vipira vya sponji huzungushwa ndani ya mabomba ya kondensa na kuyapangusa mtambo ukiwa kazini. Ngazi ya tano ni klorini, ambayo mara nyingi hutengenezwa papo hapo kwa kupitisha umeme katika maji ya bahari yenyewe.

Mifano ya eneo pana la wazungumzaji wa Kiswahili inaonyesha kwamba ngazi hizi zinaweza kuvunjika. Katika miaka ya 2008 na 2009 mwani mwekundu ulioenea katika Ghuba ya Oman na Ghuba ya Uajemi ulilazimisha mitambo kadhaa ya kuondoa chumvi katika maji kusimamishwa, kwa kuwa machujio hayakuweza kuhimili wingi wake. Tatizo la namna hiyo si la bahari peke yake. Katika miaka ya 1990 gugu maji la Ziwa Viktoria lilisongamana katika kituo cha umeme cha Owen Falls, Jinja, na kuathiri maji ya kupozea mitambo. Uganda ilianza kuachilia mbawakavu wanaokula gugu hilo mwaka 1995, sambamba na uvunaji kwa mikono na mashine. Funzo la matukio haya mawili ni kwamba chanzo cha ugandaji huweza kuwa nje kabisa ya uzio wa kiwanda, na ulinzi wa ndani pekee hautoshi.

Upo pia upande wa pili wa historia hiyo. Rangi za meli zenye sumu ya bati la ogani zilizuia ugandaji kwa ufanisi mkubwa, lakini zikadhuru konokono na chaza wa bandarini. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwezi Septemba 2008. Hata bahari, pamoja na ukubwa wake, haikuweza kumeza kila kilichomwagwa ndani yake.

4.0 Kinachotofautisha Karatu na Ngorongoro

4.1 Kemia ya maji ya volkano

Miamba ya nyanda za juu za Ngorongoro ni ya volkano, na eneo hilo liko katika Bonde la Ufa la Mashariki. Maji yanayopita katika miamba ya aina hii huwa na mwelekeo wa kubeba sodiamu, bikaboneti, silika na floraidi, huku kalisi ikiwa kidogo. Hata hivyo hakuna kitu kinachoweza kuitwa kwa jumla maji ya Ngorongoro. Ndani ya kreta moja, chemchemi ya Ngoitokitok hutoa maji baridi ambamo viboko huishi, na kilomita chache kutoka hapo Ziwa Magadi, ambalo Wamasai huliita Makat, lina maji ya magadi yasiyonyweka. Tofauti iliyopo kati ya mto na bahari inapatikana hapo ndani ya mwendo mfupi wa gari.

Kemia hii ina matokeo matatu. Kwanza, ukoko unaoonekana katika bomba au boila hauwezi kudhaniwa kuwa chokaa. Huenda ni silika. Tone la siki kali au asidi ya limau huonyesha tofauti: kaboneti huchemka povu, silika haitikisiki. Mwenye boila anayemwaga asidi juu ya silika huula chuma chake na kuuacha ukoko ukiwa mzima.

Pili, mashine za kulainisha maji, ambazo hubadilisha kalisi kwa sodiamu, hazina kazi kubwa katika maji ambayo tayari ni ya sodiamu. Zaidi ya hayo, haziondoi floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na Tanzania, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, nayo imeshusha kiwango chake hadi 1.5. Maji yaliyolainishwa kwa ajili ya boila yasichukuliwe kuwa yamesafishwa kwa ajili ya kunywa. Katika boila yenyewe, bikaboneti ya sodiamu huvunjika kwa joto. Hewa ya kaboni hutoka na kula mabomba ya mvuke uliorudi kuwa maji, na maji yanayobaki huwa makali na yenye povu.

Tatu, na hili ndilo lisilotarajiwa, klorini haifanyi kazi sawa na baharini. Klorini ikiingia majini huwa katika sura mbili, na sura inayoua vijidudu kwa haraka ni asidi ya hipoklorasi. Katika pH ya 7 karibu robo tatu ya klorini huwa katika sura hiyo. Katika pH ya 8.5 hubaki karibu asilimia 10, na katika pH ya 9 karibu asilimia 3. Baharini upungufu huu hufidiwa, kwani maji ya bahari yana bromaidi ya takriban miligramu 65 kwa lita, na klorini huigeuza bromaidi hiyo kuwa asidi ya hipobromasi, ambayo hubaki na nguvu hata katika pH ya bahari. Maji ya chemchemi na visima kwa kawaida hayana bromaidi ya kiasi hicho. Kwa hiyo kipimo cha klorini kilichonakiliwa kutoka mwongozo wa kiwanda cha pwani, kikitiwa katika maji ya magadimagadi, huweza kuonyesha klorini ya kutosha kwenye kipimo huku utando ukiendelea kukua.

4.2 Mwinuko

Hewa ya juu ya mlima ni nyepesi. Kanieneo ya hewa inayoweza kusukuma maji hadi takriban mita 10.3 katika usawa wa bahari huyasukuma hadi mita 8.6 hivi katika Karatu na mita 7.8 hivi katika ukingo wa kreta. Hizo ndizo mita ambazo pampu ya kuvuta huzitegemea, kabla ya kutoa upotevu katika bomba. Chujio lililoziba kwenye mdomo wa pampu, ambalo pwani lingepunguza mtiririko tu, huku juu huweza kuyafanya maji yachemke ndani ya pampu yakiwa bado baridi, na viputo vinavyopasuka hutoboa mabapa yake. Kwa mantiki hiyo, usafi wa chujio la kuvutia maji una uzito mkubwa zaidi mlimani kuliko ufukweni.

Maji pia huchemka mapema: takriban nyuzijoto 95 katika Karatu na 92 katika ukingo. Vilevile hewa ya ukingoni ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ya usawa wa bahari, hivyo feni ya kupozea jenereta inahitaji kusukuma ujazo mkubwa zaidi ili kubeba joto lilelile. Ubaridi wa mlima husaidia, lakini haufuti hesabu hiyo.

4.3 Mabonde yasiyo na mlango

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote si ya bomba bali ya mahali maji yanapokwenda. Kiwanda cha pwani humwaga maji yake baharini, na mikondo huyatawanya. Maji ya Karatu hayafiki baharini. Hushuka kuelekea mabonde ya maziwa Eyasi na Manyara, ambayo ni sehemu ya Bonde la Kati la nchi, na huishia humo. Maji ya ndani ya kreta huishia Ziwa Magadi. Kinachotoka katika maziwa hayo ni mvuke peke yake. Chumvi, shaba, fosfeti na kila kisichogeuka mvuke hubaki.

Msitu wa Hifadhi ya Nyanda za Juu Kaskazini, ulio ndani ya eneo la Ngorongoro, ndio unaolisha chemchemi na mito inayotumiwa na wakazi wa Karatu. Bondeni, chemchemi za Qangdend hunyweshea mashamba ya vitunguu ya Mang'ola kabla maji hayajafika Eyasi. Maji yaleyale, kwa zamu, ni ya mkulima, ya ng'ombe wa mfugaji, ya mgeni hotelini na ya mnyama wa porini. Katika mnyororo wa namna hiyo, neno «kumwaga» halina maana lililo nayo pwani. Kinachomwagwa na wa juu hupokelewa na wa chini.

5.0 Mpangilio wa Hatua Unaofaa

5.1 Kupima kabla ya kutibu

Hatua ya kwanza ni kupima maji katika chanzo na baada ya matumizi, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Vipimo vya msingi ni pH, kalisi, ukali wa bikaboneti, silika, floraidi, chumvi kwa jumla na mashapo. Kipimo cha mara moja hakitoshi, kwani kijito kilicho safi mwezi Agosti huweza kubeba udongo mwekundu mwezi Aprili. Ukoko wenyewe nao upimwe kabla ya kuondolewa.

5.2 Kupunguza uhitaji wa maji

Mfumo usiovuta maji mapya hauleti chumvi mpya. Jenereta inayopozwa kwa rejeta iliyofungwa, yenye maji yaliyotengenezwa maalumu na kubadilishwa kwa ratiba, haishiki ukoko mwingi. Ile inayoongezwa maji ya kisima kila inapopungua hukusanya madini ya kila ndoo iliyomiminwa. Kuziba mvujo ni njia ya kuzuia ugandaji, ingawa haimo katika orodha ya kemikali.

Pale panapohitajika mnara wa kupozea, hesabu ya silika huamua kila kitu. Silika isiyo na umbo huanza kuganda inapozidi takriban miligramu 120 kwa lita katika nyuzijoto 25, na wahandisi wengi huweka kikomo cha 150 katika minara yenye joto zaidi. Tuseme maji ya kisima yana silika ya miligramu 50 kwa lita. Yanaweza kukolezwa mara tatu tu. Kwa kila mita za ujazo 10 zinazogeuka mvuke, mita 5 lazima zitolewe na mita 15 ziingizwe. Kama silika ingekuwa 25, ukolezaji wa mara sita ungewezekana, maji ya kutolewa yangekuwa mita 2 na ya kuingizwa mita 12. Mtambo uleule, katika visima viwili tofauti, hutofautiana kwa zaidi ya maradufu katika maji machafu yanayotakiwa kupelekwa mahali fulani. Uchaguzi wa kisima kwa hiyo ni uamuzi wa kimazingira, si wa uchimbaji pekee.

5.3 Kusafisha kwa mitambo kwanza

Mashapo yazuiwe kwenye tangi la kutulizia na machujio kabla hayajafika kwenye joto. Matangi yafunikwe, kwani mwani hauoti gizani. Vibadilisha joto vichaguliwe vile vinavyoweza kufunguliwa na kupigwa brashi. Utando unaopanguswa kila juma haupati muda wa kunasa mashapo na kugeuka gamba. Hii ndiyo hatua ya kwanza ya wenye majahazi, na ndiyo inayohama kutoka pwani hadi mlimani bila kubadilika.

5.4 Joto la maji ya wageni

Katika matangi ya maji moto kuna mgongano wa kweli. Kadiri joto linavyoongezeka ndivyo ukoko wa kaboneti unavyoongezeka, hivyo mwenye tangi huvutwa kulishusha hadi nyuzi 45 au chini yake. Lakini bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, na hupata hifadhi ndani ya utando na ukoko. Jawabu halipatikani kwa kushusha joto. Maji yahifadhiwe katika nyuzi 60, yachanganywe na ya baridi karibu na bomba la kuogea ili yasiunguze, na ukoko utakaoongezeka ukubaliwe kuwa gharama ya usalama, uondolewe kwa ratiba. Vipasha maji kwa jua vinahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa siku za ukungu wa ukingoni maji yake hubaki vuguvugu kwa muda mrefu.

5.5 Kemikali mwisho, na kwa kipimo

Klorini itumike pale ambapo pH inaruhusu, kwa vipindi badala ya mfululizo, na mabaki yake yaondolewe kabla ya maji kutoka. Shaba isitumike kama sumu ya mwani katika maji yanayoelekea kwenye madimbwi ya wanyama. Dawa za ukoko zenye fosfeti zisipelekwe katika maji ya wazi, kwani huwa mbolea ya mwani uleule unaopigwa vita. Maji ya chumvi yanayotoka katika mashine za kulainisha yasielekezwe kwenye udongo wa shamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinadhibiti umwagaji wa maji yaliyotumika, na matumizi ya maji hutolewa vibali na bodi ya bonde. Kibali kinachotaja kiasi cha maji bila kutaja kemikali zilizotiwa ndani yake huacha nusu ya jambo nje.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugandaji ni tatizo moja lenye sura nyingi, na kwamba ujuzi uliopatikana katika maji ya bahari una thamani katika Karatu na Ngorongoro endapo utachambuliwa kabla ya kutumika. Kanuni za mwendo wa maji, usafishaji wa kimitambo na ulinzi wa mlangoni zinahamishika. Kipimo cha klorini, matumizi ya shaba na desturi ya kumwaga maji baada ya kupita mara moja havihamishiki: kimoja kwa sababu ya pH na ukosefu wa bromaidi, vingine kwa sababu mabonde haya hayana mlango wa kutolea kilichoingia.

Kwa watafiti, eneo lililo wazi zaidi ni uchambuzi wa ukoko wenyewe, kisima kwa kisima, ili ramani ya silika na kaboneti ya nyanda hizi iweze kuongoza uchaguzi wa mitambo. Kwa wenye mitambo, brashi, kifuniko cha tangi na daftari la vipimo ni vya kutangulia, na pipa la kemikali ni la kufuata. Pwani, makosa ya anayetibu maji huenda na mkondo. Katika Karatu hurudi kupitia ndoo ya jirani aliye chini ya mlima.